Maoni Niliyobandika Nyuma ya Kava

Swali lililoninyima usingizi wiki nzima lilikuwa dogo kiasi kwamba naona haya kuliandika: je, mtu huomba radhi kwa kusema kweli? Nikilalia upande wa kulia nilijibu kwamba haombi. Nikigeukia ukutani nilikumbuka kwamba sikuwa nimesema kweli. Mama Mdogo alinipigia simu kutoka Newala kuniambia kuwa arobaini ya Baba Sharifa ingesomwa Jumamosi nyumbani kwake Makote, na kwamba nilitakiwa. "Mazikoni hukuja," alisema. "Ulisema kazi, nikanyamaza. Na arobaini nayo utasema kazi? Watani wake tuliobaki karibu ni sisi. Na wewe ndiye unayeijua kuiga ile sauti yake ya kwenye mikanda ya filamu." Nikamwambia nitaona. Sisi ni Wamakua na marehemu alikuwa Mmakonde, na katika msiba wa mtani wako una kazi ya kufanya: unavaa kofia yake, unatembea kama yeye, unaongea kama yeye, unawatania wafiwa mpaka wacheke bila kutaka. Ni heshima. Mimi nilikuwa naombwa nisimame kwenye uwanja wa mtu na kuiga sauti ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeinyamazisha, na hakuna aliyelijua hilo vizuri isipokuwa yeye, naye amekufa.

Nina shahada sasa. Imo ndani ya bahasha juu ya kabati, katika chumba ninachopanga hapa Masasi, na mchana nafundisha tuisheni ya Kiingereza kwa watoto wa kidato cha pili. Nataja Kiingereza kwa sababu ndicho kilichoniharibia mwaka ule. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo na baadaye chuo, na nilipelekwa Newala kumsaidia Mama Mdogo katika duka lake la kukodisha filamu. Nikiufikiria mwaka huo siukumbuki kwa miezi. Naukumbuka kwa chumba kimoja: ukuta wa rangi ya bluu uliobanduka chini, rafu za mbao zilizojaa makava, televisheni juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma, deki iliyofungwa mpira wa baiskeli ili mlango wake usifunguke wenyewe, na benchi la wateja. Asubuhi ukungu wa Newala uliingia mpaka ndani, tukawa tunafuta makava kwa kanga. Mchana tulikula hapo hapo nyuma ya kaunta, ugali wa muhogo na kisamvu, au ming'oko, mizizi ya porini, ya kuchemsha kwa chumvi na pilipili, tukimenya huku mtu kwenye kioo anaruka kutoka ghorofani.

Wateja wote waliuliza swali moja: "Hii ikoje?" Mama Mdogo hakuwa na muda wa kutazama kila kitu, na alipojibu alijibu kwa imani yake. Filamu za kutisha hakuzielewa kabisa. "Watu hawa," alisema, "mlango unalia peke yake usiku, naye anachukua mshumaa anakwenda kuuliza nani. Huku kwetu unafunga, unasoma Ayatul Kursiy, unalala." Hivyo akanipa kazi: nitazame, niandike maoni kwenye kipande cha karatasi, nikibandike kwa gundi ya karatasi nyuma ya kava. Mistari mitatu, minne, na chini yake herufi ya jina langu. Nakumbuka baadhi. Kuhusu filamu moja ya jini ndani ya nyumba niliandika kwamba inatisha nusu ya kwanza, lakini likishaonekana lote unagundua ni mtu aliyepakwa unga. Kuhusu ya mapigano niliandika kwamba stelingi anapigwa risasi tatu na kofia haianguki. Mama Mdogo akasoma, akavuta mdomo. "Usiandike kofia. Andika kaua wangapi. Mtu anayetoka kupuliza salfa kwenye mikorosho hataki habari za kofia."

Lakini watu walizipenda habari za kofia. Walianza kuja na kugeuza kava kwanza, wanasoma nyuma kabla ya kuangalia picha ya mbele. Wengine walinibishia. "Dada Zuhura, umesema ya yule nyoka haifai, mke wangu kakesha anaangalia chini ya kitanda. Haifai vipi?" Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa na sikuwahi kusomwa na mtu isipokuwa mwalimu mwenye kalamu nyekundu. Nilianza kutembea nikitunga mistari kichwani. Nilipochota maji, nilipopepeta mchele, nilikuwa natafuta neno litakalomfanya mtu acheke pale benchini. Leo nawaambia wanafunzi wangu kwamba hapo ndipo nilipojifunza kuandika, na ni kweli, ila siwaambii sehemu iliyobaki.

Baba Sharifa alikuja kwetu mara ya kwanza wakati korosho zinaanza kuanguka. Alikuwa mkulima wa Makote, mtu mrefu mwenye mabega yaliyoinama kidogo kama anayepita mlango mfupi, na alikuwa amepata kompyuta mpakato. Alikuwa anatafsiri filamu. Kutafsiri kwenyewe ni kule tunakokujua: picha inakwenda, sauti ya asili inapunguzwa, na juu yake mtu mmoja anasema maneno ya watu wote, mwanamume, mwanamke, mtoto na mzimu. Huko mjini wapo wanaojulikana kwa kazi hiyo. Yeye alijiita Sauti ya Makote.

"Shikamoo Baba Sharifa," nilimwamkia.

"Marahaba, mtani. Mmakua umepata kazi ya kukaa kwenye kiti, nani anawinda samaki nchanga siku hizi?" Samaki nchanga ni panya wa shambani, na kila mmoja kwetu humsingizia mwenzake kwamba ndiye anayewala zaidi.

"Tumewaachia nyie, Baba Sharifa. Tulipoona mnawakaanga kwa vitunguu tukasema hawa wamezidi."

Alicheka mpaka akashika rafu. Akatoa CD moja kwenye mfuko wa ndani wa koti, imefungwa kwenye kitambaa kama mtu anayebeba yai. "Itazame," alimwambia Mama Mdogo. "Ikiwa mbaya niambie mimi."

Tuliitazama jioni ile nyumbani, pamoja na majirani wawili na Mama Mdogo mwenyewe, ambaye alisema atakaa dakika tano tu. Ilikuwa filamu ya kutisha ya wazungu, nyumba kubwa juu ya kilima, mwanamke na mumewe wamehamia, na usiku mzimu wa kizee unafungua makabati. Sauti ya Baba Sharifa ikaingia, nzito, haina haraka. Kizee kilipofungua kabati la kwanza kilisema, "Nani kahamisha kinu changu?" Kabati la pili: "Nimekufa, sikatai. Lakini kinu nilikiacha hapa." Na kuanzia hapo filamu nzima ikawa ya kinu. Wale wapangaji walikuwa wamehamisha kinu cha bibi wa watu bila kuuliza, na kila kilichowapata kilitokana na hilo. Yule mume, aliyekuwa mjeuri, alisema kinu ni ubao tu, na jirani yetu mmoja akamjibu kwenye kioo, "Utaona." Tulicheka, halafu tukaacha kucheka, halafu tukaogopa kweli, kwa sababu sisi sote tulijua nyumba ambazo kitu cha marehemu kimeondolewa haraka mno. Mama Mdogo alikaa mpaka mwisho na ugali ukaungua. Kesho yake niliirudia peke yangu, yote. Wiki ile mji mzima ulikuwa unasema. Ukikosa ndoo yako kisimani: nani kahamisha kinu changu? Ukifika dukani ukakuta benchi limejaa: nani kahamisha kinu changu?

Akaleta ya pili, ya ngumi, na ya tatu, ya jambazi aliyetubu. Mama Mdogo akampa rafu yake mwenyewe. Alikuwa anazungumza, akiwa amekaa benchini na kikombe cha chai, juu ya kuweka kibao barabarani pale Makote, na kuacha kabisa kulima shamba la mbali. Alimwambia Mama Mdogo, nami nikasikia nikiwa nyuma ya kaunta: "Miaka yote nilikuwa naongea peke yangu shambani. Mke wangu anajua. Sasa kumbe kuna watu wanasikiliza." Nayakumbuka maneno hayo neno kwa neno, na ndiyo sababu nikiyasikia kichwani huwa nawasha redio.

Mteja mwingine alikuwa kijana mmoja aliyesoma sekondari ya Chidya na sasa anafundisha kwa mazoezi pale mjini. Tulimwita Mwalimu. Shati limepigwa pasi hata siku ya ukungu. Alichukua filamu zisizotafsiriwa tu, na alikuwa anasoma maoni yangu taratibu, kisha ananiangalia juu ya kava. "Una jicho," aliniambia mara moja, na kwa mwezi mzima nilitembea na hilo jicho kama mtu aliyepewa saa mpya. Siku moja alikuta kava la filamu ya kinu halina maoni. Sikuwa nimeandika. Nilikuwa nimeipenda mno kiasi cha kushindwa kujua pa kuanzia. Niliwahi kuandika mistari miwili nikaichana. Mwalimu akalishika kwa vidole viwili. "Na hii? Usiniambie na wewe unatazama hizi za kutafsiriwa. Ninayo ile ya Kiingereza. Huyu bwana hakuna neno moja alilolipata. Hamna kinu humo. Umeisikiliza kwa Kiingereza wewe?"

Nilimwambia nimeisikiliza. Sikuwa nimeisikiliza. Akanipa yake, nikaitazama usiku ule na kukuta ni kweli: hakukuwa na kinu, palikuwa na mirathi na wakili na sumu, na mzimu ulikuwa haufungui kinywa hata mara moja. Baba Sharifa hakujua Kiingereza. Alikuwa anaangalia picha na kutunga. Naomba mnielewe hapa, kwa sababu hapa ndipo ninapojidanganya kila mara. Nilipoiona ile ya Kiingereza nilichoka. Nilisinzia. Nilijua kabisa, nikiwa nimekaa pale na kanga mabegani, ipi kati ya hizo mbili ilikuwa filamu bora. Na asubuhi nilichukua karatasi nikaandika: "Mtafsiri hajui Kiingereza hata cha kuombea maji. Anatunga. Atakayeikodi amepoteza jioni yake. Chukueni ya asili." Nikaweka herufi ya jina langu. Nikaibandika.

Mwalimu aliisoma kwa sauti benchini, na watu wakacheka, maana ile ya kuombea maji ilikuwa imekaa vizuri, katika mji ambao maji yenyewe ni ya kuombwa. Mtu mmoja akasema, "Kumbe tulikuwa tunadanganywa." Mwingine, aliyekuwa ameikodi mara tatu, akasema yeye alishangaa tangu mwanzo. Ndani ya siku chache rafu ya Baba Sharifa haikuguswa. Watu walioogopa kwa hiari yao wakaona haya kwamba waliogopa, na wakiona haya hawarudi. Nilikuwa nimewapa haya hizo mimi, na nilikuwa nikizitazama zikienda kutoka uso huu kwenda uso ule, huku sehemu moja yangu ikisikiliza kama Mwalimu bado anacheka.

Jumamosi Baba Sharifa alikuja na CD ya nne ndani ya kitambaa chake. Alienda kwenye rafu yake, akageuza kava, akasoma. Alisoma polepole, midomo ikitikisika. Mama Mdogo alikuwa ametoka. Pale benchini kila mtu aliangalia viatu vyake.

"Mtani wangu," alisema. "Umeniua."

Na mimi, badala ya jambo lolote jingine, nikasema, "Utani tu huo, Baba Sharifa."

Msomaji asiyetoka kwetu hawezi kujua nilichofanya hapo. Mtani hakasirikiwi. Akikutukana unacheka, au unamrudishia kubwa zaidi, lakini ukinuna umevunja jambo lililokuwapo kabla ya babu zenu. Nilimfungia mlango kwa kufuli ambalo yeye mwenyewe alikuwa analiheshimu. Nilimwona akitafuta la kunirudishia. Alikuwa fundi wa maneno, angeweza kunimaliza; nilikuwa nikiomba animalize. Alicheka kidogo, akasema, "Wamakua bwana," akazitoa CD zake tatu kwenye rafu moja moja, akazifunga pamoja na ya nne. "Nazirekebisha makava," alisema. "Nitazirudisha." Hakurudi. Mama Mdogo alipomuuliza siku nyingine sokoni, alimwambia kompyuta imeharibika. Baadaye tukasikia ilikuwa nzima, ameipeleka kwa kaka yake, na yeye yupo shamba la mbali, anaokota korosho kama kawaida.

Mama Mdogo aliibandua ile karatasi mwenyewe. Hakunifokea. Alikaa kwenye kiti cha kaunta akaikunja mara nne. "Utani hauandikwi, Zuhura," alisema. "Ukisema mdomoni mtu anaona macho yako, anajua unacheka. Karatasi haina macho." Nilimjibu kwamba nilichoandika kilikuwa kweli, hajui Kiingereza. "Mimi nilikaa pale mpaka ugali ukaungua," alisema. "Na wewe niliona ulivyokaa." Baada ya hapo niliendelea kuandika maoni miezi mingine minne mpaka nilipoitwa chuo, lakini yalikuwa ya kuua wangapi tu. Mwalimu alihamishwa kabla yangu. Sikumbuki hata sura yake vizuri, na hilo nalo linanitesa, kwamba niliuza kitu kile kwa mtu ambaye nikimkuta stendi leo nitapita.

Kwa miaka saba nilikuwa na majibu mengi. Kwamba angeacha tu, wengi huacha. Kwamba wateja wana haki ya kujua wanachokodi. Kwamba siku hizi kila mtu anatazama kwenye simu na duka lenyewe la Mama Mdogo limekuwa la vocha na vitenge. Wiki ile ya arobaini niliyapanga yote, nikapanga na mabaya yake: kwamba nikienda kusema nitakuwa natafuta kujitua mzigo kwa kumtwika mjane, kwamba nikikaa kimya ni woga, kwamba nikienda nikamwigiza, watu watacheka na nitakuwa nimekula kwa mgongo wake mara ya pili. Ijumaa nilijikuta nimesimama jikoni na sufuria tupu mkononi, sijui kwa muda gani, na nikaona kwamba naweza kuwaza hivi mpaka wasome hitima ya mwaka. Nikafunga mlango, nikaenda kupanda gari la Newala.

Nilifika Makote asubuhi kabla ya watu. Wanawake wachache walikuwa nyuma ya nyumba wanamenya mihogo ya shughuli, na Mama Sharifa alikuwa katikati yao juu ya kigoda, kanga nyeupe kichwani. Mama Mdogo aliponiona akaanza kunipa mkononi kofia ya marehemu. Nilimwambia asubiri. Nikapiga magoti mbele ya yule mama.

"Shikamoo Mama Sharifa."

"Marahaba. Huyu si mtani wetu wa kwenye mikanda? Umekonda. Chuo hakuna ming'oko?"

Wenzake walicheka, wakisubiri nirudishe. "Leo sijaja kwa utani, Mama Sharifa," nilisema. "Naomba uniruhusu niseme neno bila utani." Visu vikasimama. Nikamwambia. Nilimwambia habari ya karatasi, na maneno yaliyokuwamo, kuombea maji na kila kitu, na kwamba mumewe aliisoma mbele yangu nikajificha nyuma ya utani. "Kwamba hakujua Kiingereza, hilo lilikuwa kweli," nilisema. "Lakini niliandika kwamba filamu ni mbaya. Huo ulikuwa uongo. Niliitazama mara mbili. Sijawahi kutazama nyingine kama ile, mpaka leo. Niliandika vile ili kijana mmoja anione nina akili."

Alitoa udongo kwenye muhogo kwa kidole gumba. Hakusema amenisamehe na sikuona usoni kama amenisamehe. Mama Mdogo alikuwa bado amesimama na ile kofia.

"Hakuniambia kitu," alisema Mama Sharifa mwishoni. "Alirudi akasema mambo ya mikanda yamekwisha. Nikadhani amechoka." Akachukua muhogo mwingine. "Kwa hiyo ilikuwa nzuri."

"Ilikuwa nzuri."

"Nzuri wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, kwa machozi, kwa kufukuzwa. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. "Pale kwa askari," nilisema. "Askari wa mwisho aliyetumwa kwenye ile nyumba, anapozungumza kwenye redio ya gari."

"Simjui askari," alisema Mama Sharifa. "Mimi sikuiona. Hapa hatukuwa na umeme, ile kompyuta alikuwa anaichaji mashineni. Anajifungia chumbani, ametundika mablanketi ukutani, mimi niko hapa jikoni namsikia anaongea tu. Sauti naijua yote. Picha sijui hata moja." Alinisogezea kisu kwa mguu. "Kaa. Anza mwanzo."

Nikakaa. Nikaanza na nyumba juu ya kilima, rangi yake, ngazi zake, mwanamke anashuka garini na sanduku, mume anatafuta ufunguo. Kila mtu alipotakiwa kusema nilimsemesha kama Baba Sharifa alivyomsemesha, na cha Kiingereza sikukitia hata kimoja. Kinu kilipoanza kutafutwa wanawake wale walikuwa wameacha mihogo, na mmoja akasema mume huyo ataona. Watu wa hitima walianza kuingia uwanjani na hakuna aliyeinuka. Nilipofika kwa askari nilimwambia jinsi alivyokaa: mvua kwenye kioo, taa ya ndani ya gari, mkono mmoja umeshika redio, na kwamba hajui kama nyuma ya kiti pana kitu. Kwa Kiingereza hapo anataja namba za barabara. Nilivuta pumzi ili niseme maneno ya Sauti ya Makote, na Mama Sharifa, macho yake yakiwa kwenye muhogo, akayasema kabla yangu, polepole, kwa sauti nzito isiyo na haraka:

"Mwambieni mama asinisubiri kula."